Boma Halijaezekwa, Mwenyewe Kashahamia

Msyuuu! Samahanini wazee, nimesonya kabla ya salamu. Shikamooni. Muuza kahawa, nimiminie kimoja, na kashata usinipe iliyomeguka. Leo nataka kusema habari za vitu vilivyomeguka na sipendi kushika mfano mkononi.

Kilichonikera ni huyu dogo wetu wa kompyuta. Mnamjua, ndiye yule aliyemwambia mzee wa drafti kwamba anaishi kwa "kuandika kodi", mzee akalikalia daftari la duka akidhani dogo katumwa na watu wa mapato. Jana dada wakala wa pesa za simu, huyu wa mwamvuli hapo ng'ambo, alimuuliza swali la maana kuliko yote niliyoyasikia kijiweni mwaka huu. Alisema: "Dogo, wewe si msomi wa haya mambo? Hebu nieleze. Niko katikati ya kumhudumia mteja, nimeshaingiza namba, nimeshaingiza kiasi, mtandao unayumba kidogo, menyu inakata. Kwa nini isikumbuke nilipofika? Kwa nini mimi ndo nianze upya?"

Dogo hata macho hakuinua. "Ndo ilivyo dada. Jaribu tena."

Jaribu tena! Yaani msomi mzima. Nimelala na hilo jibu, limeninyima usingizi kuliko mbu, kwa sababu nalijua. Jibu hilo si la dogo. Lina ukoo, lina mji lilikozaliwa, na kuna bwana mmoja Mmarekani lilimtesa mpaka akaanza kubishana na nafsi yake hadharani. Sogeeni. Wewe wa bodaboda zima hiyo pikipiki, inanimezea maneno.

Bwana mwenyewe anaitwa Richard Gabriel. Mwaka 1984 alianzisha kampuni huko California, jina lake Lucid, ikiuza zana za Lisp. Lisp ni lugha ya kuandikia programu, ya tangu 1958, na wapenzi wake ni watu wa aina ya yule fundi cherehani ambaye suti yake ni nzuri kweli, mshono huuoni, ila Idi imeshapita. Gabriel na wenzake waliamini wana kitu bora kuliko vyote sokoni, na huenda walikuwa nacho. Lakini miaka ya 80 ilipokuwa inakatika wakatazama huku na huku: kila chuo, kila ofisi, watu wanakimbilia mfumo wa Unix na lugha ya C, vitu ambavyo watu wa Lisp waliviona kama kiti cha plastiki mbele ya sofa la Keko. Ndipo mwaka 1989 Gabriel akakaa chini kuandika ni vipi kiti cha plastiki kimeshinda. Fundisho lake ukilikamua linabaki hivi: kibovu ndicho bora.

Alisema wajenzi wa programu wana madhehebu mawili. La kwanza ni la chuo cha MIT na wenzao wa Stanford. Hawa wanataka kitu kiwe sahihi, kiwe kamili, kilingane kila upande, na mtumiaji asione tabu. Kama kwa ajili hiyo fundi atakesha miaka, na akeshe. Dhehebu la pili ni la New Jersey, kwenye maabara za Bell. Hawa nao wanapenda usahihi, msiwasingizie, ila cha kwanza kwao ni wepesi wa kazi ya fundi. Kikiwa chepesi kutengeneza, kitoke. Pakibaki kona isiyokaa sawa, mtumiaji ataizunguka mwenyewe.

Mzee wa drafti akadakia bila kuinua kichwa kwenye kete: "Hao wa pili ni sisi tulivyojenga."

Mzee hujakosea. Dar hii yote ni New Jersey. Nani hapa alihamia kwenye nyumba iliyokwisha? Unapandisha boma, unaezeka chumba kimoja na sebule, dirishani unapanga tofali bila udongo, choo unachimba nje na unakiita cha muda, halafu unambeba mke na godoro unamkimbia mwenye nyumba kabla hajadai miezi sita mingine. Plasta inakuja mwaka wa pili. Dari ni habari ya mwaka wa tano. Vigae tumuulize mtoto akishapata kazi. Na kila mtaa una yule jamaa mwingine aliyeleta ramani ya mhandisi, ghorofa mbili, ngazi ya kuzunguka, akaapa hahamii mpaka kitasa cha mwisho kifungwe. Nondo zimesimama juu ya nguzo kama nywele za mtu aliyeona jini. Mbuzi wanalala sebuleni. Yeye bado anapanga Tandale.

Kwenye kompyuta hilo ghorofa lilikuwapo, likiitwa Multics. Lilianzwa katikati ya miaka ya 60 na MIT, kampuni ya General Electric na hao hao Bell: mfumo mmoja wa kuhudumia watu wengi kwa mpigo, wenye ulinzi, wenye kila chumba. Mwaka 1969 Bell wakaona muda na fedha vinakwenda, mlango hauonekani, wakajitoa. Walioachwa pale juani ni mafundi wao, wakiwamo Ken Thompson na Dennis Ritchie. Thompson akaipata PDP-7, mashine ndogo ambayo haikuwa na wagombea, akapandisha juu yake chumba kimoja. Jina la Unix lenyewe ni kijembe: yule mkubwa alijiita wa wengi, huyu akajiita wa mmoja. Na amri zake ni fupi utadhani mtu anaandika meseji kwa salio la mwisho: ls, cp, mv, rm. Miaka mingi baadaye Thompson aliulizwa, ungeianza upya Unix leo ungebadilisha nini? Kuna amri ya ndani ya kuunda faili ambayo waliiandika creat, bila e mwishoni. Akasema angeirudishia e yake. Mtu kabadilisha dunia, majuto yake ni irabu moja!

Niseme na haki ya wafu: Multics si kama haikuisha. Iliisha, ikakaliwa, na mashine ya mwisho ilizimwa Canada mwaka 2000. Lakini wakati wapaka rangi wako ghorofa ya pili, boma lilishazaa mtaa. Mwaka 1973 Unix iliandikwa upya kwa C, na baadaye ikaweza kuhamishwa mashine hadi mashine. Na AT&T, wenye maabara zile, walikuwa wamebanwa na makubaliano yao na serikali ya Marekani ya 1956 wasifanye biashara nje ya simu, kwa hiyo vyuo vikapewa Unix kwa bei ya karibu na bure. Wanafunzi wakajifunzia humo, wakatoka nayo kwenda makazini. Mtu hukipenda chakula alichojifunzia kula, hata kama kilikuwa na mchanga.

Sasa dada wakala, kama unanisikia hapo ng'ambo, hili ni lako. Ndani ya andiko lake Gabriel anasimulia mabwana wawili wakubwa, mmoja wa MIT, mwingine wa upande wa Unix, walivyokutana kuzungumza habari za mifumo. Wa MIT alikuwa na jambo linamkereketa: kazi ikikatizwa katikati, mfumo ufanyeje? Chukulia muuza chipsi. Umeagiza chipsi mayai, yuko katikati ya kugeuza, simu inaita. Muuza chipsi wa MIT anapokea, anaongea, akikata anarudi kwenye kikaango hasa pale alipofikia, yai liko vile vile, wewe hujui hata kama kuna simu iliingia. Ili aweze hivyo inabidi akumbuke mambo mengi: mafuta yalikuwa na moto gani, chumvi keshatia au bado, yai limegeuzwa upande upi. Ni kazi nzito kuijenga akili ya namna hiyo. Muuza chipsi wa Unix akipigiwa simu anamwaga kila kitu pembeni, akirudi anakuambia, "Braza, oda yako ilikatizwa. Agiza tena."

Bwana wa MIT alikuwa amepekua Unix kutafuta ni wapi wanalishughulikia jambo hili, hakupaona. Mwenzake akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba wanalijua, wala hawakulisahau. Dawa yao ndiyo hiyo: mfumo unarudisha neno kwamba kazi imekatizwa, na programu iliyoomba, ikitaka, ijaribu tena. Wa MIT akanung'unika kitu fulani kuhusu kuku laini na mtu mgumu, msemo wa kwao huko, na Gabriel mwenyewe anakiri hana hakika kama ameielewa. Hapo mkutano ukaisha.

Mnaona? Dogo alidhani amejibu kwa uvivu wake binafsi. Kumbe alikuwa anasoma dua ya dhehebu.

Na mimi tumbo langu liko New Jersey, nisiwafiche. Moyo uko MIT, tumbo liko New Jersey. Gabriel alilieleza hili vizuri: kitu chenye nusu ya unachokitaka, kikiwa kidogo na chepesi, kitaenea, na kikishaenea watu watakisukuma taratibu mpaka kifike karibu na ukamilifu. Kile kizuri chote kikija kwa kuchelewa kinakuta watu wameshakula. Muulizeni Ted Nelson. Huyu tangu 1960 alikuwa na ndoto ya maandishi yote ya dunia yaliyounganishwa kwa kompyuta, akaiita Xanadu: kila kiungo kinajua mbele na nyuma, hakikatiki, na ukinukuu neno la mtu mwenyewe anapata senti yake. Uzuri ulioje! Halafu Tim Berners-Lee, kule CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, akatoa wavuti ambayo kiungo chake ni cha upande mmoja, ukurasa ukihama unakutana na namba 404, na hakuna anayelipwa. Mwaka 1991 alilipeleka andiko lake kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo hayo huko San Antonio, wakalikataa. Wakamruhusu aonyeshe tu, kama mtu wa kuuza visu kwenye mnada. Leo tovuti tunayofungua sote ni ile ya kisu. Xanadu ilitoa toleo la kuonekana na watu mwaka 2014. Miaka hamsini na nne! Nondo zilishaota kutu zikapandwa na mpupu.

Sasa nisonye upande wa pili, maana watu wa New Jersey wasije wakatoka hapa wanajisifu.

Ubaya wa choo cha muda ni nini? Mzee anajua, anacheka kwa sababu cha kwake kina miaka kumi na moja. Kule Bell mwaka 1976 kijana anaitwa Stuart Feldman aliandika chombo cha kuunganishia programu, kikaitwa make. Ndani yake akaweka sharti kwamba mstari wa amri lazima uanze na kitufe cha tabu, si nafasi za kawaida. Kwa macho vinafanana kabisa, huwezi kuvitofautisha, ila ukiweka nafasi kinakataa. Feldman aliona kosa lake ndani ya wiki chache. Kwa nini hakurekebisha? Alieleza mwenyewe: tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja hivi, wengi marafiki zake, na hakutaka kuwavurugia.

Dazeni moja, jamani. Watu wa kutosha daladala ndogo. Kwa kuwahurumia watu hao, mamilioni ya vijana tangu siku hiyo wametoa macho kwenye vioo saa nane za usiku wakitafuta kosa lisiloonekana kwa macho. Na mwaka 2003 Feldman akapewa tuzo kubwa ya chama cha wataalamu wa kompyuta kwa chombo hicho hicho, na aliistahili, chombo ni kizuri. Choo cha muda kimepewa tuzo na bado kiko nje.

Dogo akajitetea: "Mzee, huwezi kubadilisha kitu watu wakishakizoea."

Ndo hapo. Gabriel alisema kibovu kitaboreshwa. Hakusema nani ataanza, wala lini.

Nao hawa mabwana wakibishana ni watamu kuliko sisi na Simba na Yanga yetu. Januari 1992 profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mtu mwenye vitabu, mtu aliyetengeneza mfumo wa kufundishia uitwao Minix, alimshukia hadharani mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 22 aliyekuwa ameanza kutoa mfumo wake. Akamwambia muundo wako umepitwa na wakati. Kwamba kiini cha mfumo kinatakiwa kigawanywe vyumba vidogo vidogo, kila kimoja na mlango wake, wewe umemwaga jiko, choo na kitanda chumba kimoja. Kwamba ungekuwa mwanafunzi wangu usingepata alama nzuri. Kijana naye akamrudishia, tena kwa ulimi mkali, kesho yake akaomba radhi kwa ukali ila si kwa hoja. Kijana ni Linus Torvalds, na chumba kile cha kuchanganya ndicho Linux. Iko ndani ya kila simu ya Android hapa kijiweni, hadi hii ya muuza kahawa yenye kioo kama utando wa buibui. Kufikia Novemba 2017 kompyuta kubwa 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zilikuwa zote zinaendeshwa nayo. Zote.

Mkasema profesa kaumbuka. Subirini. Mwaka huo huo, 2017, ikajulikana kwamba Intel, hawa wenye kutengeneza moyo wa kompyuta nyingi za ofisini, ndani ya vipande vyao kulikuwa na kijikompyuta cha pembeni kinachoendeshwa kwa Minix. Ya profesa! Ipo kwenye mamilioni ya mashine za watu wanaomcheka. Tanenbaum akawaandikia Intel barua ya wazi: hakudai hela, leseni yake inaruhusu, ila ingekuwa ustaarabu wangemwambia. Hilo nalo mtu wa uswahilini analielewa haraka. Umechukua ungo wangu uani, sawa, lakini si ungebisha hodi?

Dini nyingine ndogo ndogo sizimalizi. Kuna vita vya kitu cha kuandikia tu: vi na Emacs, vyote vya mwaka 1976, na mpaka leo mtu mwenye shahada mbili anaweza kumnunia mwenzake ofisini kwa ajili hiyo. Richard Stallman, mwenye Emacs, hupanda jukwaani kwa utani amevaa kanzu na taji la utakatifu ambalo ni sahani ya diski kuukuu. Lucid ya Gabriel nayo ikatofautiana naye, ikatoa Emacs yake. Upande wa vi, mdogo wake aitwaye Vim ana sifa kwamba watu huingia wakashindwa kutoka: mwaka 2017 mtandao wa Stack Overflow ulitangaza kwamba swali la namna ya kutoka humo limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Nyumba isiyo na mlango wa kutokea, na wenyeji wanajivunia!

Na ajira zao! Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, mtengenezaji wa zana inaitwa FastAPI, alikutana na tangazo la kazi linalodai uzoefu wa zaidi ya miaka minne ya kuitumia. Yeye aliyeizaa alikuwa nayo mwaka mmoja na nusu. Sisi tulidhani tangazo la "uzoefu miaka mitano, umri usizidi 25" ni ushamba wa huku.

Halafu vile vikao vyao vya kusimama, vya kila mtu kusema jana alifanya nini. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana kwenye hoteli ya mlimani huko Utah, kwenye theluji, wakaandika tamko fupi kwamba watu wawe mbele ya taratibu na programu inayofanya kazi iwe mbele ya makaratasi. Neno zuri. Nimewahi kupita kwenye ofisi moja hapa mjini, jina naliacha, tamko limebandikwa ukutani na chini yake watu wanajaza fomu tatu kabla ya kusema jana walifanya nini. Kikao cha kusimama wamekaa. Kiongozi wao anaitwa skramu masta, na cheo cha kijana wa mwisho pale kilikuwa ninja. Ninja mwenyewe alikuwa anatafuta chaja.

Hapa nashusha sauti kidogo.

Kulikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani, Therac-25, kazi ya kampuni ya serikali ya Canada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme: hata programu ikichanganyikiwa, mashine inajifunga. Kwenye hii wakaviondoa, ulinzi wakaiachia programu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita, Marekani na Canada, walipigwa mionzi kupita kiasi kikubwa mno. Machi 1986 kwenye mji wa Tyler, Texas, mhudumu mzoefu, mwenye vidole vyepesi kama vya dada wakala, alikosea herufi moja, akarudi akairekebisha chapchap, akaendelea. Programu haikujengwa kumtarajia mtu mwepesi kiasi kile. Kioo kikaandika hitilafu namba 54, na mashine ikasimama. Kitabu cha maelekezo hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Mashine ilikuwa na kawaida ya kusimamasimama na kutoa namba zisizoeleweka, na wahudumu walishazoea dawa yake: bonyeza herufi P, iendelee.

Akabonyeza. Mgonjwa alikuwa ameshapigwa mara ya kwanza, anajaribu kuinuka kitandani kwenye chumba kingine, na spika ya kumsikia siku hiyo ilikuwa mbovu. Akapigwa tena. Alifariki miezi mitano baadaye.

Wa bodaboda akasema, "Duh." Kete za drafti zikatulia.

Sisemi New Jersey walimuua yule mtu. Watengenezaji wa ile mashine hawakuwa wa dhehebu lolote, walikuwa watu waliojiamini, na kujiamini kuko kila msikiti. Ninachosema ni kwamba "jaribu tena" huwa inahamisha mzigo. Fundi anautua, mwingine anaupokea, na huyo mwingine hakuwepo kwenye kikao cha kusimama. Kwenye chipsi mzigo huo ni njaa ya dakika kumi. Kwa dada wakala ni mteja anayemwangalia kama mwizi. Pale Tyler ulikuwa mwili wa mtu.

Na mtu asinigeuzie kibao kwamba basi tungesubiri wa MIT. Wapo wanaomaliza, kweli. Donald Knuth aliacha vitabu vyake katikati akatengeneza mfumo wa kupanga maandishi, TeX, ikamchukua miaka kama kumi, na ukimwonyesha kosa ndani yake alikuwa anakutumia hundi, iliyoanzia dola 2.56. Watu wakawa hawazipeleki benki, wanazitundika ukutani. Lakini Knuth wako wangapi? Na mshahara wa miaka kumi analipa nani?

Angalieni hata huu mwamvuli. Huduma ya M-PESA ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa iwe njia ya watu wa mikopo midogo kurejesha mikopo yao. Watu hawakuitumia walivyoelekezwa, wakaanza kutumiana hela. Ilipozinduliwa 2007 ikatoka na kazi hiyo: tuma hela nyumbani. Haikusubiri kila mtu awe na simu ya kioo, wala intaneti ifike kijijini. Ilikaa juu ya laini ya simu ya kawaida na ujumbe mfupi, kwenye kiswaswadu cha betri ya siku nne. Na hizi menyu za nyota na reli tunazobonyeza huku ni njia nyembamba ajabu: ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, na mazungumzo yanaishi kwa dakika chache tu yakiwa hewani. Ni chumba kimoja na sebule. Mama yangu asiyesoma Kiingereza anaingia na kutoka humo kwa urahisi kuliko mimi ninavyoweza kutoka kwenye Vim.

Gabriel mwenyewe hakuweza kuchagua. Alipoona andiko lake limeshika moto, akajificha nyuma ya jina la bandia, Nickieben Bourbaki, akaandika kujipinga: kibovu ni kibovu tu. Halafu akatoka na jina lake la kweli akaliandikia tena jambo hilo hilo. Mtu anakaa upande huu wa bao, anasogeza kete, anazunguka, anakaa upande wa pili. Lucid ilifilisika 1994, yeye bado anacheza.

Mzee wa drafti akamgeukia dogo. "Sasa wewe. Hiyo menyu ya dada, inawezekana ikumbuke alipofika?"

"Inawezekana mzee. Ukiweka kumbukumbu upande wa seva, akirudi ndani ya muda mfupi inamuuliza aendelee au aanze upya. Kazi ya wiki mbili."

"Si muifanye."

"Hakuna aliyeagiza."

Dada wakala alikuwa ameshavuka barabara kuja kutafuta chenji. "Mimi naagiza," akasema.

Dogo akacheka kwa adabu. "Dada, wewe siyo unayelipa."

Nilitaka kusonya, nikaona zamu siyo yangu. Dada alimtazama kitambo, akachukua chenji yake kwa muuza kahawa, akavuka. Mwamvulini kulikuwa na watu watatu wanamsubiri na simu ilishazima mwanga. Akakifuta kioo kwa khanga, akaanza: nyota.